Dai la Tabaka la Chini

Mjini Sfax hapakuwa na mtu aliyethubutu kubishana na Profesa Lassaad Ellouze kuhusu plastiki. Alikuwa amefundisha chuo cha uhandisi tangu nywele zake zikiwa nyeusi tititi, na mwenye kiwanda ambaye mabomba yake yalipasuka alimpigia simu yeye kabla ya kumpigia fundi. Mahakama nayo ilimweka kwenye orodha ya wataalamu wake. Kesi ikiwa na jambo ambalo majaji hawakulisomea, aliitwa yeye alitazame na kuandika ripoti. Aliipenda kazi hiyo kuliko alivyokubali kusema, kwa sababu mtaalamu anapozungumza mahakamani watu wote hunyamaza, na darasani siku hizi kunyamaziwa kulikuwa kumeanza kuwa adimu.

Majira hayo ya kuchipua aliitwa kwa kesi ya nailoni. Mwanamke mmoja, mhandisi Emna Jarraya, alikuwa na karakana ndogo karibu na bandari, na alikuwa amepata hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi wake kisheria, kwa nailoni ya kufunikia vibanda vya kuoteshea nyanya. Nailoni ya kawaida jua la kusini huila. Kiangazi kimoja, viwili, inakauka, inapasuka kama ngozi ya kitunguu, na mkulima wa Gabès anaanza upya. Ya Emna ilidumu mara mbili zaidi. Siri yake ilikuwa mashudu ya zeituni, yale masalia meusi yanayobaki baada ya kukamua mafuta, ambayo mji mzima huyakimbia kwa uvundo wake. Emna aliyakausha, akayasafisha, akayachanganya na plastiki.

Kiwanda kikubwa kilicho kwenye barabara ya Gabès kilitaka kutengeneza nailoni kama hiyo, kikaenda mahakamani kuomba hataza ifutwe. Hoja yao ilikuwa fupi. Kila mtu anajua plastiki inahitaji dawa ya kuikinga na jua. Kila mtu aliyesoma kemia anajua zeituni ina dawa ya namna hiyo. Kuunganisha mambo mawili yanayojulikana si uvumbuzi, ni jambo la wazi, na jambo la wazi halimilikiwi na mtu.

Jaji, mama mmoja makini aitwaye Saloua Fendri, alimwandikia profesa swali moja tu: je, fundi wa kawaida wa kazi hii, mwenye maarifa yaliyokuwapo siku Emna alipowasilisha ombi lake, na ambaye hajaliona dai lenyewe, yale maelezo ya kile anachotaka kumiliki, angefika hapo bila kuumiza kichwa?

Profesa alilisoma dai akiwa mkahawani, mbele ya kahawa yake. Lilieleza kwamba nailoni ina matabaka matatu yaliyopulizwa pamoja, na mashudu yamo katika tabaka la chini, lile linalotazama ardhi. Aliposoma hapo alirudia mstari huo. Kisha akasoma maelezo yaliyofuata: joto la mchana huipandisha dawa taratibu kutoka chini kwenda juu, kama jasho linavyotoka kwenye ngozi, kwa hiyo uso unaopigwa na jua hupata dawa mpya kila siku.

"Ahaa," alisema kwa sauti.

"Ahaa nini?" aliuliza Mondher, mfamasia, rafiki yake wa tangu ujana, aliyekuwa meza hiyo hiyo. "Umeshinda bahati nasibu?"

"Watu wanaleta mahakamani mambo ya jikoni. Mtu kaweka mashudu kwenye nailoni, anataka mji mzima umpigie magoti. Hata mke wangu angeweza."

"Mke wako anaweza mengi. Ni wewe tu hujawahi kumwuliza."

Meza ilicheka, na profesa alicheka nao. Lakini kicheko kilipoisha kulikuwa na kitu kimebaki kooni, kama mwiba mdogo wa samaki. Alikunywa maji. Haukushuka.

Mwiba huo aliujua. Miaka mingi nyuma yeye mwenyewe alihangaika na mashudu ya zeituni. Aliyaweka katika tabaka la juu, kwa sababu kinga huwekwa upande adui anakotokea. Ndivyo kila mtu anavyofikiri, na hata mtoto akiona jua hufunika kichwa, hafuniki nyayo. Nailoni yake ilitoka na mapovu, ikanuka, na kiangazi kilipoisha ikavunjika mkononi kama mkate mkavu. Jua liliichoma dawa yote mara moja. Alijaribu tena na tena, akachoka, akafunga kazi ile bila kuandika chochote mahali popote.

Kuandika ripoti kulimchukua asubuhi moja. Kitendawili kikishateguliwa kila mtu hudai alikuwa analijua jibu, na profesa, aliyewaonya wanafunzi wake juu ya tabia hiyo, aliandika kana kwamba hajawahi kuisikia. Matabaka ni matatu tu, aliandika: la juu, la kati, la chini. Fundi wa kawaida angeyajaribu yote matatu kabla ya chakula cha mchana. Dai ni jambo la wazi. Kuhusu majaribio yake mwenyewe hakuandika hata neno. Alijiambia kwamba kisichochapishwa si ushahidi. Kwa sheria ilikuwa hoja nzuri, ila moyoni haikumtuliza.

Siku ya kusikilizwa kesi chumba kilijaa. Watu wa kiwanda walikaa upande mmoja na suti zao. Upande wa pili alikaa Emna na wakili kijana mwenye mafua. Emna alikuwa mwanamke wa makamo kidogo, mnene kiasi, mikono ina alama za kuungua za mashine. Profesa alimtazama, akaona sura isiyo ngeni, lakini wanafunzi waliopita mikononi mwake walikuwa wengi.

Alisoma ripoti yake. Wakili wa kiwanda akatikisa kichwa kwa kuridhika. Jaji akauliza kama upande wa pili una swali, na wakili mwenye mafua aliposimama, Emna alimshika mkono wa koti.

"Mheshimiwa, naomba niulize mwenyewe."

"Utauliza kupitia kwangu," alisema jaji. "Sema."

Emna alisimama. Alimgeukia profesa kwanza, akainamisha kichwa kidogo, kama wanafunzi wa zamani walivyofanya.

"Mwalimu amesema matabaka ni matatu tu, na fundi angeyajaribu yote kabla ya kula. Mimi nilikuwa darasa lake mwaka wa mwisho. Siku moja alitufundisha habari za kinga ya jua, na mwanafunzi mmoja akauliza, je, mashudu ya zeituni hayafai? Mwalimu akasema, 'Mashudu na nailoni hawaoani. Nimewaozesha mimi mwenyewe, nikashuhudia talaka.' Darasa zima tulicheka." Alimgeukia jaji. "Mheshimiwa, naomba mwalimu aulizwe kama alisema hivyo. Kama yeye alijaribu akashindwa, akatuambia haiwezekani, basi fundi wa kawaida angewezaje kuona ni jambo la wazi?"

Jaji alivua miwani.

"Profesa Ellouze, ulisema maneno hayo?"

Alikumbuka kila kitu. Alikumbuka hata aliyeuliza swali, binti wa mstari wa nyuma, na sasa akajua binti huyo alikuwa nani. Alikumbuka utamu wa kicheko cha darasa. Watu wa suti walimtazama, na mwandishi wa mahakama aliinua kalamu akisubiri. Akijibu ndiyo, mji wote utasikia kabla ya adhuhuri kwamba kitu alichokiita cha jikoni kilimshinda.

"Sikumbuki, Mheshimiwa," alisema.

"Hukumbuki kusema, au hukumbuki kujaribu?"

"Ni miaka mingi. Nimejaribu mengi. Sikumbuki."

Sauti yake ilitoka imara, na uimara ule ndio uliomtisha. Jaji alivaa miwani, akaandika. Kesi ikaahirishwa hadi siku ya hukumu.

Kwenye korido watu wa kiwanda walimpa mkono mmoja baada ya mwingine. Alipowaponyoka akakutana na Emna kwenye ngazi, na akajiandaa kwa matusi. Angeyapokea, matusi yangemsaidia.

"Mwalimu," alisema Emna, "nisamehe. Sikukusudia kukuvunjia heshima mbele ya watu. Nilidhani utakumbuka. Lakini kweli ni zamani, na sisi tulikuwa wengi."

Profesa alitikisa kichwa tu kama mtu anayesamehe, na hilo, la kutikisa kichwa kana kwamba yeye ndiye mwenye kusamehe, lilimfuata hadi kwenye gari na likakaa naye njia nzima.

Nyumbani Radhia, mkewe, alikuwa amepika mchuzi wa samaki, na mkate wa shayiri ulikuwa bado wa moto. Profesa alikaa, akamega, akaweka chini.

"Leo samaki ana kosa gani?" aliuliza Radhia.

"Hana kosa. Sina njaa."

"Wewe? Ulikula hata siku tuliyomzika mama yako. Kesi imekwendaje?"

"Ya kawaida. Mambo ya mashudu ya zeituni kwenye nailoni."

Radhia aliweka mwiko chini. "Mashudu! Yale yaliyoniharibia mashine ya kufulia?"

"Mashine gani?"

"Lassaad, usinichekeshe. Ulikuja nyumbani unanuka majira yote yale. Koti lako nililifua peke yake, nikalifua tena, mwishowe mashine yenyewe ikawa inanuka, tukampa dada yangu na bado ananilaumu. Ulikuwa huli, hulali, unasema tu, 'Inavunjika, Radhia, inavunjika.' Nikadhani ni ndoa yetu." Alicheka, kisha akamwona uso. "Kuna nini?"

"Waliniuliza kama niliwahi kujaribu."

"Ukasema?"

Profesa alisogeza sahani kando. Radhia alimtazama mumewe, na kicheko kikamtoka usoni polepole, kama maji yanavyokauka kwenye sakafu. Hakumfokea. Alichukua sahani yake, akaenda kula jikoni. Kwa miaka yote ya ndoa yao hawakuwahi kula vyumba viwili tofauti, isipokuwa mmoja wao akiwa mgonjwa.

Asubuhi profesa alikwenda kwa karani wa mahakama akaomba kumwona jaji. Jaji alikataa kuonana naye faraghani. Akatuma jibu kwamba mtaalamu mwenye jambo la kuongeza ataliongeza mbele ya pande zote mbili, hadharani, au anyamaze. Profesa alisimama mbele ya dirisha la karani akitumaini kuna njia ya tatu. Karani alimwuliza kama anaumwa.

"Waite wote," alisema.

Walipokutana tena chumba kilijaa kuliko mara ya kwanza, maana Sfax ni mji mkubwa wenye masikio ya kijiji. Mondher alikuwa amekaa nyuma. Radhia hakuja. Profesa alisimama pale alipokuwa amesimama siku ile, akashika ukingo wa meza.

"Mheshimiwa, niliulizwa kama nilisema mashudu na nailoni hawaoani. Nilisema. Niliulizwa kama nilijaribu. Nilijaribu na nikashindwa. Niliyaweka juu, kila mara juu. Wazo la kuyaweka chini halikunijia hata siku moja."

Wakili wa kiwanda aliruka. "Mheshimiwa! Mtu huyu siku ile alisema hakumbuki. Leo amekumbuka? Alidanganya lini, siku ile au leo?"

"Jibu," alisema jaji.

"Siku ile," alisema profesa.

Mtu mmoja upande wa suti alitoa mluzi mdogo. Profesa alisikia damu ikimpanda masikioni. Alikuwa ameyaandaa maneno mengine, mazuri, kuhusu ugumu wa kuhukumu uvumbuzi baada ya kuuona, lakini yalimtoroka yote.

"Sasa nikuulize lile swali la kwanza," alisema jaji, sauti yake kavu. "Ni jambo la wazi au si la wazi?"

"Kusema tu kwamba mashudu yachanganywe na nailoni, hilo ni la wazi, Mheshimiwa. Mimi mwenyewe nililiona, na wengine wataliona. Bi Emna hawezi kulimiliki lote. Lakini kuyaweka chini, mbali na jua, ili yapande yenyewe, hilo si la wazi. Kila tulichokijua kilitupeleka upande wa pili. Matabaka ni matatu, kweli, ila sisi hatukuwa tunayaona matatu. Tuliona moja."

"Na kwa nini ripoti yako haikusema hivyo?"

Angeweza kusema uzee, au haraka, au kwamba kisichochapishwa si ushahidi. Alimwona Emna ameinamisha macho, kama anayeona haya kwa niaba yake, na hilo lilimwuma kuliko yote.

"Kwa sababu lilikuwa rahisi," alisema. "Nilipolisoma niliona ni rahisi hivyo, nikaona aibu kwamba mimi sikuliona. Nikalikasirikia."

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Kisha akamwambia akae.

Hukumu ilipotoka, sehemu pana ya dai ilifutwa, ile iliyosema mashudu katika nailoni yoyote na kwa namna yoyote. Sehemu ya tabaka la chini ilisimama, na hiyo ndiyo iliyokuwa na thamani. Kiwanda kilikataliwa. Katika hukumu hiyo hiyo jaji alisema kwamba ripoti ya mtaalamu imetupwa, na jina lake litaondolewa kwenye orodha. Profesa hakukata rufaa. Mkahawani waliacha kumwuliza habari za plastiki. Wakawa wanazungumza mpira akifika, kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika, na Mondher, aliyekuwa na mzaha kwa kila jambo chini ya jua, kwa hilo moja hakuwa na mzaha. Profesa angefurahi zaidi kama angekuwa nao.

Radhia alirudi kula naye tangu siku ile aliposikia alichosema mahakamani.

Mwanzo wa kiangazi profesa alikwenda karakana ya Emna. Alizunguka mtaa, akapita mlango, akarudi. Ndani mashine ilikuwa ikipuliza nailoni juu kama puto refu, jeupe, linalotetemeka, na Emna alikuwa chini yake akigusa ukingo kwa vidole.

"Karibu, Mwalimu." Hakushangaa, au hakuonyesha. "Kaa hapo, nisiache hii ikajikunja."

Alikaa juu ya rola ya nailoni. Kisha alisema, "Nimekuja kukuomba radhi."

"Uliomba mahakamani."

"Mahakamani nilijibu maswali. Sikukuomba wewe."

Emna alirekebisha kitu kwenye mashine. "Unajua baada ya lile somo lako niliacha? Nilikuwa nimeshaanza nyumbani, kwenye sufuria ya mama. Ukasema hawaoani, nikasema basi, kama mwalimu ameshindwa mimi ni nani? Nikaenda kuuza vitambaa dukani kwa shangazi. Nilipoteza muda mrefu." Alisema bila chuki, kama anayetaja hali ya hewa. "Siku moja nikachoka na vitambaa. Ndiyo hivyo tu."

"Emna..."

"Sijakasirika, Mwalimu. Nilikasirika kwenye ngazi pale, uliponitikisia kichwa. Sasa imeisha. Chai utakunywa?"

Alisema atakunywa. Ilikuwa chai nyeusi, nzito, yenye sukari nyingi, na aliishika kwa mikono miwili. Kabla hajaimaliza aliingia mkulima kutoka Gabès, mzee mwenye kofia nyekundu ya sufu, akitaka nailoni ya vibanda vyake vyote. Alikuwa mchangamfu, mwenye sauti ya kuita kondoo.

"Na huyu bwana?" aliuliza akimwangalia profesa. "Mteja mwenzangu?"

"Hapana, mjomba," alisema Emna. "Huyu ni Profesa Ellouze. Mwalimu wangu."

Mkulima alikuja mbio, akamshika profesa mkono kwa mikono yake yote miwili, akautikisa hadi chai ikamwagika.

"Mwalimu wake! Allah akubariki! Basi ndiyo maana! Mimi nilisema, kazi kama hii lazima ina mtu mkubwa nyuma yake. Nyanya zangu zinakushukuru, bwana!"

Profesa alimtazama Emna. Emna alikuwa ameinamia mashine, hasaidii wala hazuii.

"Hapana, mzee wangu," alisema profesa. Uso ulimwaka kama siku ile mahakamani. "Nilimfundisha mengine. Hili nilimwambia haliwezekani."

Mkulima alisita, mkono wa profesa bado mikononi mwake, akasubiri sehemu ya kuchekesha ifuate. Haikufuata. Akauachia mkono taratibu, akajifuta chai kwenye suruali, akamgeukia Emna na kuanza kuuliza habari za upana wa nailoni. Profesa aliweka gilasi chini, akaaga. Emna alimsindikiza mpaka mlangoni, akamwambia amsalimie mkewe, kisha akarudi kazini.